Monito Shingoni mwa Rita

Simu ndiyo iliyosema. Obdulia, mmoja wa wanafunzi wangu, aliishika mbele ya uso wangu kwa mikono miwili, na sauti ya programu ya kutafsiri, sauti ya mwanamke asiye na kwao, ikatoka humo, taratibu, kwa Kiingereza safi kuliko cha wanafunzi wangu wote: "Rafiki yangu anasema mtoto hajacheza tumboni tangu jana mchana." Ikanyamaza. Obdulia akabonyeza tena, ikarudia maneno yale yale kwa utulivu ule ule.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Novemba, saa sita na dakika chache mchana, katika ukumbi wa kanisa letu pale Stechford, Birmingham, mitaa miwili kutoka stesheni ya treni. Nilikuwa ndiyo kwanza nimefungua mkebe wa biskuti nilimofungia simu zao kila somo. Birika la umeme lilikuwa linaanza kuchemka. Milka, rafiki yangu wa kanisani ambaye hutupikia chai, alikuwa na kopo la sukari mkononi, akabaki nalo hivyo hivyo.

Nikamtazama Rita. Alikuwa kitini pake, koti amekwisha kulivaa, mikono yote miwili juu ya tumbo la miezi saba. Na juu ya mikono ile, ikining'inia kwenye uzi mwekundu kutoka shingoni, ilikuwa monito yangu. Nilikuwa nimemvisha mwenyewe saa nne na dakika kumi. Monito ile nilikuwa nimeichora uso unaocheka.

Kuna watu husema walipigwa na butwaa, wakaendelea na habari nyingine. Mimi butwaa lilinipiga likanikalisha. Nilikaa bila kutafuta kiti, na ni bahati tu kwamba kilikuwapo.

Ngoja nieleze monito ni nini, kwa ambao hawakuivaa. Nilikosomea mimi, shule ya msingi huko Gusii, ukishafika darasa la nne ulikatazwa kusema Kikisii ndani ya ua la shule. Ilikuwa Kiingereza au unyamaze. Aliyeteleza alivishwa kipande cha mbao chenye kamba, naye akakaa nacho hadi amkamate mwenzake akiteleza, amvishe. Ijumaa jioni mwalimu wa zamu aliifuata ile kamba kinyumenyume, nani alipokea kutoka kwa nani, na wote wakalala chini wakachapwa. Mimi sikuchapwa hata mara moja. Nilikuwa na masikio. Nilijibanza nyuma ya vyoo, mahali watoto hukimbilia kunong'ona, na nikawanasa mmoja mmoja. Siku moja nilimnasa Moraa, mdogo wangu wa damu. Nyuki alikuwa amemuuma kwenye kope, naye akamlilia mama kwa lugha ya mama. Nilimvisha huku analia. Watu walicheka, na mimi nikacheka nao. Jioni mama alimtoa ule mwiba kwa kucha, wala hakuniuliza kitu.

Sisemi kwamba nilikuwa mtoto mbaya. Nilikuwa mtoto aliyefaulu. Kile Kiingereza kilinipeleka chuo cha ualimu, kikanipa miaka kumi na tisa ya kusimama mbele ya ubao, na mwishowe kikanileta Birmingham, ambako hakuna aliyetaka kuona cheti changu. Nilipata kazi katika nyumba ya wazee huko Erdington. Nawaogesha, nawalisha, nawabadilisha nguo. Ni kazi ya halali na wazee wangu nawapenda, lakini miaka ilipita bila mtu kuniita mwalimu. Mwanangu Derrick, aliyezaliwa hapa, nilimlea kwa Kiingereza kitupu. Mama akipiga simu kutoka nyumbani, bibi na mjukuu huchekeana kwenye kioo cha simu hadi salio liishe, kwa sababu hawana neno hata moja la kuambiana. Hilo nalo nililiona maendeleo.

Basi mchungaji alipotangaza kwamba anatafutwa mtu wa kujitolea kufundisha Kiingereza cha kila siku Jumamosi asubuhi, mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Wanafunzi walikuja saba, wote watu wa Ekwado waliopitia Hispania. Mmoja alimleta shemeji, shemeji akamleta jirani. Walisafisha maofisi, walipanga vifurushi kwenye maghala, walikata kuku viwandani. Niliwafundisha majina ya vitu wanavyovishika kila siku: birika, bomba, ufagio, pipa la taka, ngazi. Ubaoni nilichora milango mitatu, mmoja wa jana, mmoja wa leo, mmoja wa kesho, nikawaonyesha jinsi kitenzi kinavyobadilisha nguo kikipita kila mlango. Walinipenda. Waliniita ticha, na ile "ticha" ilinishibisha wiki nzima.

Ila walikuwa na dosari moja. Nikigeukia ubao tu, Kihispania kinaanza. Kilinguruma kama mvua juu ya mabati. Mwezi wa pili nikasema sasa basi. Nilichukua ubao wa kukatia mboga uliokuwa umepasuka, nikakata kipande cha ukubwa wa kiganja, Derrick akanitobolea tundu. Nikafunga uzi mwekundu. Halafu nikachora uso unaocheka, nikaandika chini yake kwa Kiingereza: jaribu tena. Nilijiona mwalimu wa kisasa. Hakuna kiboko, hakuna matusi, ni mchezo tu. Nikapiga msumari kando ya ubao, nikaitundika pale wote waione.

Milka alipoiona aliweka vikombe chini. Yeye ni Mkenya mwenzangu, muuguzi, na mdomo wake hauna breki.

"Mama Derrick, si hii kitu tuliacha nyumbani? Hawa ni watu wazima. Wana-pay rent."

"Na hicho Kiingereza chako ulikipata wapi?" nikamjibu.

"Nilikipata na machozi," akasema, akarudi kwenye chai yake. Nilicheka. Nilidhani ananitania.

Kabla ya Jumamosi ile Rita hakuwahi kuivaa. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, mdogo wa umbo, na daftari lake alilipiga mistari kwa rula kama mhasibu. Aliamka alfajiri kusafisha ofisi nne katikati ya jiji, kisha anarudi kwenye chumba walichopanga Newtown, yeye na mumewe Wilmer. Katika miezi mitano sikumsikia akisema Kihispania ndani ya ukumbi hata mara moja. Kama hakujua neno, alinyamaza. Mimi ule unyamavu wake niliuita nidhamu, nikawa namtolea mfano kwa wenzake.

Tumbo lilipoanza kuonekana, Obdulia ndiye aliyenieleza, kwa Kiingereza cha kuokoteza na vidole. Vidole tisa. Miaka tisa wameingoja mimba ile, na mbili za kabla yake zilikuwa zimeharibika. Nilimkumbatia Rita siku hiyo. Nilimfundisha maneno mapya kwa ajili yake tu: mtoto, moyo, kitanda cha mtoto, nepi, mkunga. Aliyaandika yote, akayapigia mstari.

Sasa nirudi Jumamosi ile.

Alifika mapema, kabla ya wote. Nilikuwa juu ya kiti nachora milango yangu mitatu. Nilimsikia nyuma yangu: "Ticha."

"Dakika moja, Rita," nikasema bila kugeuka. Mlango wa kesho ulikuwa umekaa upande.

Alisimama pale, sijui kwa muda gani. Wengine wakaingia na baridi yao, viti vikavutwa, nikashuka, nikafungia simu mkebeni, nikasahau kwamba aliniita. Akaenda kukaa karibu na Obdulia. Nikageukia ubao. Ndipo nikasikia mnong'ono wa haraka haraka, Kihispania kitupu, na haikuwa sauti niliyoizoea. Masikio yangu ya nyuma ya vyoo yalikuwa hayajazeeka. Niligeuka, nikamwona Rita amemshika Obdulia kifundo cha mkono, anamwambia kitu.

Nilifurahi. Ni lazima niliseme hili hata kama linanichoma. Nilifurahi kwamba hata Rita, mwanafunzi wangu bora, nimemnasa. Niliitoa monito msumarini kwa madaha, nikapita katikati ya viti, nikamvisha. Darasa likapiga makofi kama ilivyokuwa desturi yetu.

"Ticha," akasema, "mtoto..." Akatafuta neno hewani. "Mtoto..."

"Sentensi kamili, Rita," nikamwambia kwa upole. Naapa ilikuwa kwa upole. "Usiwe na haraka. Tafuta sentensi kamili."

Alifikiri. Niliona midomo yake ikijaribu. Kisha akainamisha kichwa, akafungua daftari. Obdulia nilimhamishia dirishani, mbali naye, ili wasinong'one tena.

Tukaendelea na mlango wa jana. Kila mtu aseme mambo matatu aliyoyafanya jana. Ilipofika zamu ya Rita, alisimama, mkono mmoja tumboni, akasema polepole, bila kosa lolote: "Jana nilisafisha ofisi nne. Jana nilikula mkate. Jana nilingoja."

"Vizuri sana! Ulingoja nini?"

Alikishika kile kibao kifuani, akakiachia. Mtu mmoja wa nyuma, akitaka kumsaidia, akasema, "Basi?" Nikaandika ubaoni: Rita alingoja basi.

Saa tano hivi, walipokuwa wakiandika, nilipita kwenye viti nikamwona anajibonyeza tumbo, hapa, kisha pale, kisha hapa tena. Nikainama nikasema kwa sauti ya darasa zima, "Mtoto wetu leo ametulia! Anasikiliza somo. Huyu atazaliwa anajua jana, leo na kesho." Walioelewa wakacheka, wakawaeleza wenzao kwa ishara, nao wakacheka. Rita aliniangalia. Akanyanyua pembe za mdomo. Nilidhani ni tabasamu, nikampapasa bega, nikapita.

Hayo ndiyo yaliyonirudia yote kwa mpigo, nimekaa kwenye kile kiti, simu ya Obdulia bado mbele ya pua yangu. Milka hakukaa. Aliliacha kopo la sukari, akachukua funguo za gari.

"Twende. Sai hivi. Rita, simama mami."

Garini nilikaa naye nyuma. Nilipiga simu wodi ya wazazi, mwanamke akapokea, akauliza mtoto alicheza lini mara ya mwisho. Nikasema jana mchana. Akauliza, bila ubaya, kwa nini mama hakupiga simu mapema.

"Hajui Kiingereza," nikasema.

Milka alinitazama kwenye kioo. Rita alikuwa amefunga vifungo vyote vya koti hadi shingoni, anatazama nje, maduka yanapita. Nilitaka kumshika mkono. Nilikuwa na uso gani?

Wilmer hakupatikana. Ghalani kwao wanafungia simu kwenye makabati hadi zamu iishe. Nikaukumbuka mkebe wangu wa biskuti.

Hospitali walitupokea haraka. Mkunga alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Trupti, mwenye mikono ya joto. Najua kwa sababu alinisalimia kwa kunishika, akidhani mimi ni jamaa. Akamlaza Rita kitandani, akamfungua koti, kifungo kimoja baada ya kingine, akapandisha sweta. Na pale juu ya ngozi iliyotanuka, juu kidogo ya kitovu, kikabaki kibao changu, kinacheka.

"Hiki ni nini?" Trupti akauliza.

Nilikuwa na Kiingereza chote duniani. Sikupata hata neno.

Rita alikitazama kana kwamba ndiyo kwanza anakiona. Halafu akainua kichwa kwenye mto, akapitisha uzi juu ya nywele zake, akaninyooshea. Kwa sheria zangu, mwenye monito aliirudisha kwa mwalimu somo likiisha. Alikuwa amesahau.

"Samahani, ticha," akasema.

Nimewahi kutukanwa. Wazee wangu wengine wakichanganyikiwa hunitemea mate. Hakuna kilichowahi kunipiga kama ile samahani. Mikono yangu ilikataa kupokea, kikaanguka sakafuni, na Trupti, ambaye hakujua lolote, akakiokota, akakitia kwenye mfuko wa plastiki wa vitu vya mgonjwa pamoja na hereni na pete, akaandika jina.

Alipaka mafuta ya baridi, akaweka kile kifaa cha kusikiliza moyo. Akasogeza. Akasogeza tena. Trupti akasema anamwita daktari, aje na mashine ya picha. Daktari akaja, msichana mdogo tu, akatazama kioo chake kwa muda mrefu, kisha akakigeuzia ukutani. Akapiga simu ya wakalimani, ikaanza kutuchezea muziki wa kungoja, muziki wa furaha kabisa. Tukangoja. Sote tulikuwa tunamtazama Rita na Rita alikuwa anatutazama, zamu kwa zamu. Trupti akashindwa. Akamshika mkono, akasema kwa Kiingereza rahisi, neno moja baada ya jingine: "Rita, pole sana. Moyo wa mtoto umesimama. Mtoto amefariki."

Mkalimani alipopatikana, hakukuwa na kazi. Rita alikuwa ameelewa kila neno. Mtoto, moyo, kusimama, kufa. Nilikuwa nimemfundisha mimi, kwenye daftari lenye mistari. Hakupiga ukelele. Alifumba macho, akabana midomo, akatikisa kichwa juu chini mara kadhaa, kama anavyofanya nikimwuliza darasani kama ameelewa.

Nilitoka nikaenda kuegemea ukuta wa ujia. Milka akanifuata.

"Alikuja mapema juu alikuwa anakutafuta wewe," akasema. "Alitaka upige hiyo simu. Unajua?"

"Najua."

"Haya. Nilitaka tu kujua kama unajua." Kisha akanikumbatia, na hapo ndipo nililia.

Trupti pia alikuja. Nadhani aliusoma uso wangu, au labda ni jambo wanalomwambia kila mtu. Alisema kwamba kwa walivyoona kwenye picha, moyo ulikuwa umesimama zamani, pengine siku nzima kabla. "Hizo saa za asubuhi zisingebadilisha kitu," akasema. "Usijibebeshe." Nilimshukuru. Nilijaribu kuyakumbatia yale maneno, na hata sasa usingizi ukinikataa huyarudia. Lakini yeye alikuwa anazungumzia moyo wa mtoto. Mimi nilikuwa nafikiria zile saa mbili ambazo mama mtu alikaa kati yetu akijua, au akianza kujua, na mimi nimemfunga mdomo kwa uzi mwekundu na kumwekea uso wa kucheka kifuani.

Wilmer alifika alasiri, bado amevaa fulana yake ya kazini inayong'aa. Niliondoka kabla hajajua mimi ni nani.

Jumapili sikwenda kanisani. Mchana simu ikalia, ni Obdulia, na ile sauti isiyo na kwao ikaniambia: "Kesho Rita atajifungua mtoto. Anakuomba uwepo." Nilidhani simu imekosea. Nikamwomba arudie. Ikarudia.

Hadi leo sijui kwa nini aliniita. Labda alitaka mtu wa kusema na wauguzi. Wilmer Kiingereza chake kiliishia kwenye "asubuhi njema". Nilikwenda. Trupti alikuwa zamu. Chumba walichompa kilikuwa mwisho wa ujia, mbali na vyumba vingine, ili asisikie vichanga vya wenzake.

Uchungu ulimshika kuanzia asubuhi. Nimezaa, najua. Nimesikia wanawake wakilia kwenye uchungu, wakimtukana mume, wakimwita Mungu kwa majina yote. Rita hakutoa sauti. Uchungu ukija alijikunja, akauma shuka, jasho likamtoka, na kila mara, kila mara, macho yake yakanijia mimi niliyesimama miguuni pa kitanda. Trupti akamwambia piga kelele, mpenzi, hakuna ubaya. Wilmer akambembeleza kwa Kihispania. Yeye ananitazama, anauma shuka.

Ilinichukua muda kuelewa. Alikuwa anajizuia kwa sababu yangu. Ticha alikuwa chumbani. Hata kwa kumzaa mtoto wake aliyekufa, alikuwa hajapewa ruhusa.

"Rita," nikasema, "Kihispania. Tafadhali. Sema Kihispania." Sikujua kama amenisikia. Sikuwa na neno hata moja la lugha yake. Miezi mitano nimekaa na watu saba, sikuokota hata asante. Uchungu mwingine ukaja, akauma shuka. Nikazunguka kitanda, nikapiga magoti kichwani pake, nikamshika mkono, na kwa kuwa sikuwa na Kihispania, na Kiingereza nilikuwa nakiogopa, nikafungua mdomo nikasema Kikisii. Nikamwita Nyasae, Mungu wetu. Nikasema yale ambayo mama yangu aliwaambia wanawake wa kijijini walioshikwa na uchungu, maneno niliyoyasikia nikiwa mtoto nyuma ya mlango, na ambayo sikujua kama bado ninayo. Yalitoka yote. Sauti iliyotoka nayo haikuwa yangu ya darasani. Nililia kwa lugha ile kwa sauti kubwa, mimi mwenye cheti changu, na Wilmer akanitazama kwa mshangao.

Na Rita akaliachia shuka. Alipiga ukelele ambao naamini ulifika hadi barabarani. Kisha Kihispania kikamtoka, kingi, bila kituo, hadi mtoto alipozaliwa saa tisa alasiri.

Alikuwa msichana. Kilo moja na gramu mia tatu. Alikuwa na kucha. Walimwita Belén. Trupti alimwosha kwa maji ya uvuguvugu kama mtoto mwingine yeyote, akamvisha kofia, akachukua alama za nyayo zake kwenye kadi. Rita alimshika hadi giza lilipoingia, akimwambia mambo. Nilitoka nikawaacha.

Mlangoni Trupti alinipa mfuko wa plastiki. "Rita amesema hiki ni chako," akasema. Pete na hereni alikuwa amezichukua.

Sikuitupa ile monito. Milka aliniambia nikaichome, Derrick akaniambia niitie kwenye pipa. Imo kwenye droo ya jikoni, bado ndani ya mfuko wake, jina la Rita juu. Ni yangu, nikae nayo. Nyumbani hakuna mtu aliyewahi kunivisha. Nimeipata ukubwani.

Darasa niliendelea nalo, kwa sababu waliendelea kuja. Mkebe wa biskuti sasa una biskuti. Wakianza kunong'ona namtazama anenaye usoni kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Wakati mwingine wanapiga soga tu. Sijali. Moraa yuko Eldoret, ana wajukuu. Nilimpigia simu nikamwomba radhi kwa habari ya yule nyuki. Akaniuliza, "Nyuki gani?" Kisha akanyamaza sana, na nikajua anakumbuka.

Rita alirudi mwezi wa Machi. Sikumtarajia. Nilikuwa nimefika mapema, Obdulia ananisaidia kupanga viti, mlango ukafunguka. Alikuwa amekonda. Alisimama pale akatazama ukuta kando ya ubao, na nikaona anachokitafuta. Kibao hakikuwapo, lakini msumari nilikuwa sijaung'oa. Alikwenda hadi pale, akavua koti lake, akalitundika.

Kisha akavuta kiti, akaketi mbele yangu, magoti karibu yagusane, akaanza kusema. Kwa Kihispania. Hakuwa na haraka. Obdulia akatoa simu yake atutafsirie, na Rita, bila kuniondolea macho, akaifunika kwa kiganja. Alisema kwa muda mrefu. Kuna mahali sauti ilipanda hadi nikatamani kurudi nyuma na kiti changu, kuna mahali ilishuka nikawa naona midomo tu. Nilisikia Belén mara tatu na ticha mara moja. Hayo tu ndiyo niliyoyaelewa. Huenda alinilaani, huenda alinisamehe, huenda vyote viwili. Obdulia alisikia kila neno, na hajaniambia, nami sijamwuliza.

Aliponyamaza alijifuta uso kwa mkono wa sweta, akafungua daftari, akatoa rula yake. Wengine walikuwa wamekwisha kujaa mlangoni, hakuna aliyethubutu kuingia. Sikuwaita. Nilikaa pale pale nikangoja kidogo, kuhakikisha kwamba amemaliza.